Maswali Yatangulie Mizigo

Katika ofisi zetu nyingi hakuna barua inayopokewa kwa furaha kama ile inayotangaza ziara ya mafunzo katika nchi za nje. Ikifika barua hiyo, hasa ikiwa inahusu nchi ya mbali ya Asia, mara huanza pilikapilika: picha za pasi zinapigwa, posho ya kujikimu inakokotolewa, suti inapelekwa kwa dobi, na majirani wanaanza kuagiza simu na vitambaa. Yote hayo hayana ubaya. Msafiri hana budi kujiandaa. Lakini katika pilikapilika hizo ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: tunakwenda kuuliza nini?

Swali hili si dogo. Ziara ya kikundi cha watumishi kumi na wawili kwenda Asia hulipiwa kwa fedha ya umma, na hata pale mwenyeji anapogharimia nauli na malazi, siku za kazi zinazotumika ni mali ya umma. Nyuma ya kila tiketi yumo mkulima aliyekatwa ushuru wa mazao yake, na mwalimu aliyebaki darasani akifundisha vipindi vya mwenzake aliyesafiri. Watu hao hawadai zawadi kutoka safarini. Wanadai kwamba aliyekwenda kwa niaba yao arudi na jambo wanaloweza kulitumia.

Mwaka 2015 Serikali ilipobana safari za nje za watumishi wake, wananchi wengi walishangilia. Hatudhani walishangilia kwa sababu wanachukia elimu ya ugenini. Walishangilia kwa sababu walikwisha kuona safari nyingi zisizorudisha kitu. Sisi hatusemi kwamba ziara zikomeshwe. Taifa lisilotembea halioni. Tunachosema ni kwamba ziara isiyoandaliwa haina haki ya kuondoka.

Ili hoja yetu isielee hewani, tuchukue mfano mmoja ulio karibu na maisha ya wananchi wa mikoa yetu ya kusini: korosho. Na tuchukulie kwamba kikundi cha maofisa kilimo, viongozi wa ushirika na walimu wa ufundi kutoka Mtwara, Lindi na Ruvuma kinajiandaa kwenda Vietnam kujifunza ubanguaji.

Nchi hiyo imechaguliwa kwa sababu. Katika miaka ya 1980 Vietnam ilikuwa ikiuza nje korosho ghafi kama sisi. Ilikuwa imetoka katika vita virefu vilivyomalizika mwaka 1975, na ilikuwa maskini. Baada ya mageuzi ya uchumi ya mwaka 1986, viwanda vya kubangua viliongezeka, na kufikia mwaka 2006 nchi hiyo iliipita India na kuwa ya kwanza duniani kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa. Leo mavuno yake yenyewe hayatoshi viwanda vyake, hivyo hununua korosho ghafi kutoka Kambodia, Afrika Magharibi na kwetu. Korosho ya Newala au Tandahimba husafiri baharini hadi huko, hubanguliwa na mikono na mashine za watu wengine, kisha huuzwa Ulaya, Marekani na Uchina. Kazi inayofanyika katikati ya safari hiyo ndiyo tunayoikosa.

Kikundi chetu kinaweza kusema, "Basi twende tukaone mashine zao." Hapo ndipo penye hatari, maana mashine tulikwisha kuziona, tena ndani ya nchi yetu. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilijenga viwanda 12 vya korosho, vyenye mitambo ya Kiitalia na ya Kijapani, na uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Mavuno ya msimu wa 1973/74 yalikuwa yamefikia tani 145,000 hivi, na ilionekana kwamba viwanda hivyo havitakosa kazi. Lakini viwanda vilipokuwa vikikamilika, mavuno yalikuwa yakiporomoka. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei waliyolipwa haikuwapa moyo, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa ukishambulia maua. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Mitambo nayo ilikuwa ikivunja korosho nyingi mno, na korosho iliyovunjika haina bei ya ile nzima. Viwanda vingi vikafungwa, na madeni yakabaki.

Tunakumbusha historia hiyo si kwa kutaka kulaumu waliotutangulia. Tunaikumbusha kwa sababu inafundisha kwamba tulinunua majibu kabla ya kuuliza maswali. Hatukuuliza vya kutosha kama mkulima ataendelea kuuza. Hatukuuliza mashine inatoa korosho nzima ngapi katika kila mia. Hatukuuliza vipuri vitatoka wapi. Kikundi kitakachokwenda Vietnam leo bila maswali hayo kitarudi na picha za mashine mpya, na makosa ya zamani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya maandalizi haiko katika ofisi ya pasi. Iko nyumbani. Kabla ya kupanda ndege, kikundi kifike kituo cha utafiti cha Naliendele, kisikilize wataalamu wetu wanasema nini kuhusu mbegu, umri wa mikorosho na dawa ya salfa. Kifike kwenye chama cha msingi cha ushirika, kione jinsi mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, unavyofanya kazi, na mkulima analalamikia nini ndani yake. Kifike kwa akina mama wanaobangua kwa mikono, kiwaulize wanamaliza kilo ngapi kwa siku, na kiangalie vidole vyao vilivyochubuliwa na mafuta ya maganda. Kifike pia katika kiwanda kimoja kilichofungwa, kisimame mbele ya mitambo iliyoshika kutu, na kiulize kwa nini. Mtu asiyejua nyumba yake ina vyumba vingapi hawezi kujifunza ujenzi kwa jirani.

Ziara hiyo ya nyumbani haigharimu zaidi ya mafuta ya gari na siku chache. Lakini ndiyo itakayowapa wasafiri takwimu za kulinganisha. Mwenyeji wa Vietnam akisema, "Kiwanda chetu kinapata korosho nzima kiasi hiki katika kila mia," asiyejua kiasi chetu ataitikia tu kwa kichwa. Anayejua atauliza swali la pili, na la tatu.

Hatua ya pili ni kuchagua watu. Hapa lazima tuseme ukweli, hata kama utawaudhi baadhi ya wakubwa. Mara nyingi orodha ya ziara hufuata ngazi za vyeo: mkuu, msaidizi wa mkuu, katibu wa mkuu, na mwishoni, nafasi ikibaki, fundi mmoja. Matokeo yake ni kwamba anayeona mashine ndiye asiyeweza kuifungua, na anayeweza kuifungua amebaki nyumbani. Katika kikundi cha watu 12 wa kwenda kujifunza ubanguaji, tungependa kuwaona fundi mitambo, mhasibu wa ushirika, ofisa ugani, mwalimu wa chuo cha ufundi, mtaalamu wa afya mahali pa kazi, na walau mama wawili ambao maisha yao ni kubangua. Kiongozi awepo, kwa kuwa yapo maamuzi yanayomhitaji. Lakini awe mmoja, na awe anajua kwamba kazi yake ni kuwafungulia wenzake milango.

Zipo nchi za Asia zenyewe zilizopata kujifunza kwa njia hii. Desemba 1871 Japani ilituma Marekani na Ulaya ujumbe mkubwa ulioongozwa na Iwakura Tomomi. Ulikuwa na mawaziri, maofisa wa idara mbalimbali na wanafunzi, wakiwamo wasichana watano. Maofisa waligawiwa mambo ya kuchunguza: hawa sheria, hawa elimu, hawa viwanda, hawa fedha. Katibu mmojawapo, Kume Kunitake, aliandika kila walichokiona, na mwaka 1878 taarifa hiyo ilichapishwa kwa umma katika vitabu vitano. Mdogo kabisa kati ya wale wasichana, Tsuda Umeko, aliyekuwa na umri wa miaka 6 tu, alikuja kuanzisha shule ya wanawake mwaka 1900, ambayo leo ni chuo kikuu.

Lakini hata Wajapani hao walipata funzo chungu. Walipofika Washington mwaka 1872 na kutaka kujadili upya mikataba, iligundulika kwamba hawakubeba hati za mamlaka ya kutia saini. Wajumbe wawili wakuu, Okubo na Ito, walilazimika kuvuka tena bahari kurudi Japani kuzifuata, na miezi kadhaa ikapotea. Waliporudi nazo, mazungumzo yenyewe hayakuzaa mkataba. Ikiwa ujumbe mkubwa kiasi hicho uliweza kukwama kwa sababu ya karatasi, sisi ni nani hata tuzidharau karatasi?

Basi tuzungumzie karatasi hizo. Pasi iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi tangu siku ya safari. Kibali cha kusafiri nje ya nchi kiombwe mapema, wala si wiki ya kuondoka, ili mkubwa asilazimishwe kutia saini asichokisoma. Viza ya Vietnam tangu Agosti 2023 inaweza kuombwa kwa mtandao na raia wa nchi zote, lakini jina katika ombi lilingane herufi kwa herufi na la kwenye pasi. Tunajua ni wangapi kati yetu wana jina moja kwenye cheti cha shule, jingine kwenye barua ya ajira, na la tatu kwenye pasi. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka. Aliyekwisha kuchanjwa asilipie tena, kwa maana kwa kanuni za kimataifa tangu mwaka 2016 cheti chake hudumu maisha yake yote. Mwenye kisukari au shinikizo la damu abebe dawa za safari nzima pamoja na barua ya daktari, na dawa hizo ziwe katika mkoba wa mkononi.

Wakati wa safari nao uchaguliwe kwa akili. Mwaka mpya wa Wavietnam, uitwao Tet, huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na siku za kati za Februari au baada yake kidogo. Katika siku hizo viwanda hufungwa na wafanyakazi hurudi vijijini kwao. Kikundi kitakachofika siku hizo kitaoneshwa maua na fataki. Mikorosho ya huko huvunwa hasa kati ya Februari na Mei, wakati mavuno yetu yameshamalizika. Kwa hiyo Machi ni mwezi mzuri: shambani kuna mavuno, kiwandani kuna kazi, mvua za kusini mwa nchi hiyo hazijaanza, na maofisa wetu hawatatoroka msimu wao wenyewe. Tarehe za Ramadhani nazo ziangaliwe, kwa kuwa wengi wa wasafiri kutoka kusini ni Waislamu, na si haki kumchosha mtu aliyefunga kwa ratiba iliyopangwa bila kumfikiria.

Mahali pia pachunguzwe. Ujumbe wetu mwingi ukifika Vietnam hupenda kukaa Hanoi, kwa sababu ndiko ziliko wizara. Lakini korosho haziko Hanoi. Ziko kusini, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huko, hasa katika eneo la Binh Phuoc, ambalo tangu Julai 2025 limeunganishwa na mkoa wa Dong Nai. Ratiba yenye siku tano Hanoi na siku moja kusini ni ratiba ya ziara ya heshima, si ya mafunzo. Kikundi kiombe kinyume chake, tena kiombe kwa maandishi kabla ya kuondoka. Mwenyeji mwema hupanga anachoombwa. Asipoombwa, hupanga anachodhani kitampendeza mgeni.

Kisha kazi igawanywe. Kila msafiri apewe eneo lake na maswali yake, yakiwa yameandikwa kwenye daftari kabla ya safari. Fundi aulize: mashine hii ya kubangua inatengenezwa wapi, visu vyake hudumu muda gani, na inahitaji umeme kiasi gani? Mhasibu aulize: kiwanda kinapata wapi fedha ya kununua korosho ghafi za mwaka mzima katika miezi michache ya mavuno, na kwa riba ipi? Ofisa biashara aulize kuhusu madaraja: soko la dunia huhesabu punje kwa ratili, na daraja la 320, lenye punje 300 hadi 320 katika ratili moja, ndilo linalojulikana zaidi. Sisi tunaweza kutoa madaraja gani? Mtaalamu wa afya aulize: wafanyakazi wanakingwaje na mafuta ya maganda, na maganda yenyewe yanakwenda wapi? Na akina mama wabanguaji waruhusiwe kukaa mezani na wenzao wa Vietnam, wafanye kazi nao walau saa mbili, kwa kuwa mikono huelewana mahali ambapo wakalimani hushindwa.

Hapo tumefika kwenye lugha na adabu. Kivietnam ni lugha ya mapandisho na mashusho ya sauti, na neno lile lile likitamkwa kwa sauti nyingine huwa neno jingine. Hatutarajii mtu kuijua kwa mwezi mmoja. Lakini kujifunza salamu na shukrani ni wajibu wa mgeni. Lipo jambo moja litakalomfurahisha Mswahili: Wavietnam, kama sisi, huitana kwa majina ya undugu. Mtu humwita mwenzake kaka, dada, mdogo wangu, baba mdogo au shangazi kulingana na umri, hata kama hawana uhusiano wa damu. Ndiyo maana mwenyeji anaweza kukuuliza umri wako mapema. Asionekane mpekuzi. Anataka kujua akuheshimu vipi. Kadi ya jina na zawadi hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili, na viatu huvuliwa kabla ya kuingia nyumba nyingi. Yote haya hayana ugeni kwa mtu aliyelelewa pwani yetu. Asiyekula nyama ya nguruwe aseme mapema, katika barua, wala si mezani chakula kikiwa kimeshaandaliwa. Na wote wajue kwamba saa ya huko iko mbele ya yetu kwa saa 4: tunapoanza kazi saa 2 asubuhi Dar es Salaam, kwao ni saa 6 mchana. Mkutano wa muhimu usipangwe asubuhi ile ile ya kufika.

Yapo pia mambo ambayo mwenyeji hataonesha, na maandalizi mazuri humfundisha mgeni kuyatafuta kwa upole. Wapo wenye viwanda vidogo vya Vietnam waliofunga milango bei ya korosho ghafi ilipopanda. Kikundi kiombe kuonana na mmoja wao, kwa maana aliyeanguka hufundisha zaidi ya aliyesimama. Tena tusisahau kwamba viwanda vyao huishi kwa korosho ghafi za watu kama sisi. Siku tutakapobangua korosho zetu zote, wao watakosa mali ghafi. Rafiki yetu ni mnunuzi wetu, na kesho anaweza kuwa mshindani wetu. Hilo halivunji urafiki uliowekwa rasmi tangu mwaka 1965. Linatutaka tu tuwe watu wazima katika urafiki huo, tusikilize kwa shukrani na kupima kwa akili yetu wenyewe.

Tahadhari moja zaidi kwa ndugu zetu wa kilimo. Ukiona mche mzuri shambani, mkono utawasha kuchukua kikonyo na kukificha kwenye sanduku. Usifanye hivyo. Ugonjwa wa mmea hausafiri na pasi. Mbegu na vikonyo viletwe kwa kibali cha karantini ya mimea au visiletwe kabisa.

Mwisho wa maandalizi ni kuandaa kurudi. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ngamani. Mtumishi akirudi safarini hutakiwa kurejesha masurufu: alipewa kiasi hiki, ametumia kiasi hiki, na stakabadhi ni hizi. Asiporejesha hukatwa mshahara. Kwa nini elimu aliyokwenda kuitafuta isirejeshwe kwa ukali huo huo? Tunapendekeza kwamba kabla ya kuondoka kikundi kitie saini ahadi ya mambo matatu. Kwanza, taarifa iandikwe kwa Kiswahili chepesi, isiyozidi kurasa 20, katika muda wa mwezi mmoja. Pili, isomwe hadharani katika mikutano ya vyama vya msingi na katika vyuo vya ufundi, na wasomaji wawe wasafiri wenyewe, wakae waulizwe maswali. Tatu, baada ya mwaka mmoja mkuu wa kikundi aeleze ni lipi limefanyika na ni lipi limeshindikana, na kwa nini.

Taarifa ya ujumbe wa Iwakura ilichapishwa ili Mjapani asiyesafiri naye aone. Taarifa ngapi za ziara zetu zimelala kabatini, zikiwa zimeandikwa kwa lugha ambayo mkulima aliyezilipia hawezi kuisoma?

Ndugu msomaji, huenda safari yako wewe si ya Vietnam wala si ya korosho. Huenda ni ya walimu wa sayansi kwenda Japani, ya wauguzi kwenda India, au ya mafundi wa reli kwenda Uchina. Kanuni haibadiliki. Ijue nyumba yako kwanza. Chagua watu kwa kazi yao. Andika maswali. Timiza karatasi. Heshimu mwenyeji. Rudi uhesabiwe. Na usiku ule wa mwisho, sanduku likiwa limefungwa na familia imekuzunguka, lifungue daftari lako. Ukikuta kurasa zake bado nyeupe, jua kwamba hujawa tayari kusafiri, hata kama tiketi iko mfukoni.